Istilahi mahali pake, lugha nyepesi mahali pake: mwongozo kwa wanaoandika chuoni na kazini

Mwongozo huu umekusudiwa kwa mtu ambaye kuandika ni sehemu ya kazi yake ingawa hakuajiriwa kuwa mwandishi: mwanafunzi wa shahada ya juu anayeandaa tasnifu, mhandisi anayeandika ripoti ya ukaguzi, muuguzi anayemwandikia mgonjwa maelekezo ya kufuata nyumbani, ofisa anayetunga waraka utakaosomwa na mamia ya wafanyakazi. Wote hawa huambiwa mambo mawili yanayoonekana kugongana. Huambiwa waandike kitaalamu, na huambiwa waandike kwa lugha inayoeleweka. Kwa kuwa ni nadra kupata mtu wa kuwaonyesha jinsi ya kuyapatanisha, wengi huchagua la kwanza, maana ndilo linaloonekana salama. Ninavyoona, mambo hayo mawili yanapatana vizuri, na sehemu kubwa ya ugumu unaosingiziwa istilahi hutoka kwingine, yaani kwenye sentensi zinazoizunguka istilahi hiyo. Kwa hiyo kazi iliyo mbele yetu ni ya namna mbili: kupembua maneno, kisha kufumua sentensi. Ya pili ndiyo nzito zaidi, na ndiyo tutakayokaa nayo kwa muda mrefu.

Mjue msomaji kabla ya kugusa neno

Andika mahali unapoweza kuliona jibu la swali hili: nani atasoma, na akimaliza kusoma anatakiwa kufanya nini? Mwaka 2023 Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilitoa kiwango chake cha kwanza cha lugha nyepesi, ISO 24495-1, na msingi wake ni huohuo: andiko liwe na kile ambacho msomaji anakihitaji, aweze kukipata kwa urahisi, akielewe, na aweze kukitumia. Hakuna katika msingi huo kinachosema kwamba maneno ya kitaalamu yamepigwa marufuku. Kipimo ni msomaji na shughuli iliyo mbele yake.

Watu wengi hugawanya wasomaji mafungu mawili tu, wataalamu na wasio wataalamu, na hapo humsahau yule ambaye kwa kweli ndiye anayesoma kazi zao mara nyingi zaidi, yaani mtaalamu wa fani jirani. Mtahini wa nje wa tasnifu yako huenda amebobea katika tawi lingine la somo lilelile. Jopo linalopima maombi ya fedha za utafiti huwa na mwanauchumi, mwanabaiolojia na mtakwimu wameketi meza moja. Meneja anayeidhinisha ripoti ya mhandisi pengine alisomea uhasibu. Huyu ni msomaji mwerevu, ana haraka, na hataki kudharauliwa kwa kuelezwa mambo ya darasa la kwanza, lakini hajui istilahi za fani yako kuliko unavyojua za fani yake. Ukimwandikia yeye, mtaalamu mwenzako atakusoma bila shida, na mtu wa kawaida mwenye nia atakufuata kwa umbali mkubwa zaidi ya unavyodhani.

Kupembua maneno

Pitia andiko lako na upigie mstari kila neno ambalo ndugu yako mwenye elimu nzuri, lakini asiye wa fani yako, angesita akilifikia. Kisha uyatenge maneno hayo, kwa maana hayafanani.

Yapo yanayofanya kazi ambayo hakuna neno lingine linaloweza kuifanya. Chukua neno «rufaa». Anayetaka kurahisisha kwa pupa anaweza kuliondoa na kuweka «malalamiko», lakini rufaa ina muda wake wa kukatwa, ina ngazi inayopelekwa, na ina matokeo ya kisheria ambayo malalamiko hayana. Msomaji atakayeambiwa kwamba ana haki ya «kulalamika» anaweza kupoteza kesi akiwa anaandika barua za masikitiko. Neno la namna hii linabaki, na wajibu wako ni kulieleza.

Gharama ya kuliacha neno maalumu inaonekana wazi katika usafiri wa anga. Tarehe 25 Januari 1990, ndege ya Avianca namba 52, iliyokuwa ikielekea New York kutoka Colombia, ilizungushwa angani kwa zaidi ya saa moja kwa sababu ya hali mbaya ya hewa. Marubani waliwaambia waongoza ndege kwamba mafuta yanawaishia na wakaomba kipaumbele. Hawakutangaza dharura kwa tamko lililokubaliwa kimataifa kwa ajili ya hali kama hiyo. Kwa waongoza ndege, ambao usiku huo walikuwa na ndege nyingi zilizochelewa, maneno ya kawaida hayakubeba uzito ambao tamko hilo lingeubeba. Ndege iliishiwa mafuta na kuanguka Long Island, na watu 73 kati ya 158 waliokuwamo walifariki. Lugha ya kila siku ilitumika mahali palipohitaji istilahi. Ninalitaja tukio hili mapema kwa sababu wapo watetezi wa lugha nyepesi wanaozungumza kana kwamba kila neno gumu ni majivuno, na hilo si kweli.

Fungu jingine ni la maneno yaliyozoea kuvaa joho la utaalamu bila kazi: wadau, afua, mtambuka, shirikishi, endelevu, kujengea uwezo, mchakato, suala zima la. Baadhi yake yalianza maisha yakiwa istilahi halali, na ndani ya fani zilizoyazaa bado yana maana kamili; «mnyororo wa thamani», kwa mfano, una maana mahususi kwa mwanauchumi anayefuatilia jinsi bidhaa inavyoongezewa thamani hatua kwa hatua. Yakihamia kwenye kila ripoti na kila hotuba hubaki na sauti tu. Kipimo chake ni chepesi. Kila ukikutana nalo, jiulize: ni nani hasa, au ni nini hasa? Ukiandika «wadau walishirikishwa», wataje: wazazi, walimu na madereva wa mabasi ya shule waliitwa kwenye kikao. Ukiandika «watumishi walijengewa uwezo», sema walifundishwa nini na kwa siku ngapi. Kama unaweza kutaja, taja. Kama huwezi, tatizo lililopo ni kubwa kuliko lugha, na nitalirudia hapo mbele.

Fungu la mwisho ndilo la hatari zaidi, kwa sababu halionekani gumu. Ni maneno ya kawaida ambayo fani imeyapa maana nyingine. Mgonjwa akiambiwa kwamba majibu yake ni «chanya», sikio lake la kila siku linasikia habari njema, ilhali daktari anamwambia kwamba ugonjwa umeonekana. Mwanasayansi akisema «nadharia» anamaanisha maelezo yaliyojaribiwa na kustahimili majaribio. Msomaji wa kawaida anasikia maneno yasiyo na vitendo. Mtakwimu akisema tofauti fulani «ina maana», anachosema ni kwamba haielekei kuwa imetokea kwa bahati tu, na tofauti hiyo inaweza kuwa ndogo kiasi cha kutomsaidia mtu yeyote. Utafiti uliofanyika kwenye maonyesho ya jimbo la Minnesota, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2022 katika jarida la JAMA Network Open, uliwauliza watu wazima 215 kuhusu kauli za namna hii. Karibu wote walijua kwamba kipimo hasi cha saratani ni habari njema, lakini takriban theluthi mbili tu walijua kwamba kuambiwa tezi za limfu ni chanya ni habari ya saratani kuenea. Neno la aina hii lisiachwe peke yake mbele ya asiye wa fani. Mwandikie: «Kipimo kimeonyesha kwamba una maambukizi.»

Ukilibakiza neno, lieleze kwa namna gani?

Ushauri unaotolewa kila mahali ni kufafanua istilahi mara ya kwanza inapotokea. Kwa msomaji wa fani jirani ushauri huo unatosha. Kwa asiye wa fani hautoshi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa watu 650, waliosoma aya kuhusu magari yanayojiendesha, roboti za upasuaji na mada nyingine za teknolojia. Waliosoma aya zilizojaa istilahi waliona usomaji ni mgumu, walivutiwa kidogo na mada, na walijiona si watu wa sayansi. Hali ilibaki hivyo hata pale ambapo ufafanuzi wa kila neno uliwekwa karibu yao. Fundisho ni kwamba kwa mtu wa kawaida ni afadhali neno lisilo la lazima liondolewe kabisa kuliko kuliacha na kulifunga ufafanuzi mgongoni.

Pale ambapo neno ni lazima libaki, geuza mpangilio uliozoeleka: toa maelezo kwanza, kisha jina. Mazoea ni kuandika, «Kinga ya jamii ni hali ambayo idadi kubwa ya watu katika jamii wamepata kinga dhidi ya maradhi ya kuambukiza kiasi cha kupunguza uwezekano wa maambukizi.» Msomaji hubeba neno asilolijua kuanzia mwanzo wa sentensi hadi mwisho, akisubiri mahali pa kulitua. Linganisha na hivi: «Watu wengi wakishachanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuwafikia hata wale wachache ambao hawakuchanjwa. Hali hiyo huitwa kinga ya jamii.» Jina linapofika, kitu chenyewe tayari kipo kichwani, na linashika.

Ukishachagua neno moja kwa dhana moja, usilibadilishe. Tulifundishwa shuleni kwamba kurudiarudia neno ni udhaifu wa insha, na katika insha ya fasihi huenda ni kweli. Katika ripoti, mkataba au tasnifu ni kosa linalopotosha. Ukiandika «hojaji» ukurasa wa tatu na «dodoso» ukurasa wa tano, msomaji makini atadhani ulitumia vyombo viwili vya kukusanyia data. Kiswahili kina istilahi nyingi zilizobuniwa na watu mbalimbali kwa dhana ileile, hivyo hatari hii ni kubwa kwetu. Na pale ambapo neno lililotoholewa limekwisha kuzoeleka, kama kompyuta au data, litumie hilo bila aibu. Neno adimu la kubuni lina faida tu kama msomaji wako analitumia pia.

Vifupisho navyo ni istilahi, tena za aina mbaya, kwa sababu havina hata silabi ya kumsaidia msomaji kukisia. Adrian Barnett na Zoe Doubleday walichambua vichwa vya makala za kisayansi zaidi ya milioni 24 na ikisiri (muhtasari unaotangulia makala) zaidi ya milioni 18, vya kuanzia mwaka 1950 hadi 2019, na kukuta vifupisho tofauti zaidi ya milioni moja. Ni takriban elfu mbili tu kati yake vilivyokuwa vikitumika mara kwa mara. Vingine vyote vilibuniwa, vikatumika mara chache, vikaachwa, na kila kimoja kilimlazimu msomaji kukikariri. Usibuni kifupisho kwa ajili ya andiko moja. Andika jina kamili, au baada ya kulitaja mara moja tumia sehemu yake: «Kamati», «Mradi», «Kliniki».

Kufumua sentensi

Tukifika hapa, mwandishi mwenye bidii huwa amekwisha kuondoa maneno ya mapambo na kueleza yale ya lazima, kisha anashangaa kwamba andiko bado ni gumu. Sababu ni ile niliyoitaja mwanzoni. Eric Martínez, Francis Mollica na Edward Gibson walichunguza lugha ya mikataba na kuchapisha matokeo yao mwaka 2022 katika jarida la Cognition. Waligundua kwamba ugumu wa mikataba unatokana zaidi na uandishi wenyewe kuliko na dhana za kisheria zilizomo, na kwamba kinachowaumiza wasomaji kuliko vyote ni desturi ya kupachika sentensi ndani ya sentensi. Mwaka uliofuata walionyesha katika jarida la PNAS kwamba hata mawakili huielewa na kuikumbuka vizuri zaidi mikataba iliyorahisishwa, na huiona ina nguvu ileile ya kisheria.

Kupachika huko ni huku:

«Mfanyakazi ambaye mkataba wake, ambao kwa mujibu wa kifungu cha 4 unapaswa kuhuishwa kila baada ya miaka miwili, haujahuishwa hadi siku unapokoma, atahesabiwa kuwa amemaliza ajira.»

Msomaji anakutana na mfanyakazi mwanzoni kabisa, na anaambiwa habari yake mwishoni kabisa. Katikati anatakiwa kuubeba mkataba, na ndani ya mkataba akibebe kifungu. Sasa itoe ile sentensi ya ndani nje na uipe nafasi yake:

«Kwa mujibu wa kifungu cha 4, mkataba unapaswa kuhuishwa kila baada ya miaka miwili. Mkataba ukifika siku ya kukoma bila kuhuishwa, mfanyakazi atahesabiwa kuwa amemaliza ajira.»

Hakuna istilahi iliyoondolewa. Kifungu, mkataba, kuhuishwa na kukoma vyote vimebaki, na mwanasheria hana cha kulalamikia. Kwa vitendo, tafuta kila mahali palipo na «ambaye», «ambao» au «ambayo». Ukikuta mawili katika sentensi moja, moja litakuwa linastahili sentensi yake. Urefu peke yake si kosa: sentensi ndefu inayosonga mbele hatua kwa hatua, kila kipande kikifuata kilichotangulia, husomeka vizuri kuliko fupi iliyofungwa fundo katikati.

Kosa la pili ni mnyororo wa «wa», «ya», «za». Soma hii: «uboreshaji wa mfumo wa utoaji wa taarifa za maendeleo ya wanafunzi». Majina sita yameshikana mikono na hakuna kitenzi hata kimoja. Kila kiungo kinamtaka msomaji arudi nyuma aangalie kinaning'inia wapi. Minyororo hii huzaliwa tunapogeuza vitenzi kuwa majina, na katika Kiswahili hasara yake ni kubwa mno. Kitenzi chetu hubeba mengi kwa neno moja: «tuliwaeleza» inasema ni nani aliyetenda, lini, na kwa akina nani. Kigeuze kuwa «utoaji wa maelezo ulifanyika», na mtendaji ametoweka, mtendwa ametoweka, na maneno yameongezeka. Kwa hiyo tafuta majina yanayoanza na «u-» na kuishia na «-aji», pamoja na vitenzi vitupu vinavyoyasindikiza kama «kufanya», «kutoa» na «kuwepo kwa», uyarudishe kwenye vitenzi vilivyoyazaa. «Kufanya tathmini ya» ni kutathmini. «Kulifanyika ufuatiliaji» ni tulifuatilia. Ule mnyororo wa juu, ukiuliza kwanza nani anapewa taarifa hizo, unaweza kuwa: «kuwaarifu wazazi kwa wakati jinsi watoto wao wanavyoendelea».

Kauli ya kutendwa ihukumiwe kwa haki. «Sampuli zilihifadhiwa katika nyuzijoto nne» ni sentensi nzuri, kwa sababu haijalishi ni mkono wa nani ulioziweka kwenye jokofu. «Imeamuliwa kwamba posho zisitishwe» ni sentensi mbaya, kwa sababu jambo la kwanza ambalo msomaji anahitaji kulijua ni nani ameamua, ili ajue pa kuuliza.

Sasa tuchukue aya nzima. Nimeitunga mwenyewe, lakini aliyewahi kusoma ripoti za miradi atautambua ukoo wake:

«Katika kuhakikisha kwamba suala zima la uimarishaji wa upatikanaji wa huduma kwa walengwa linapewa kipaumbele, kulifanyika ufuatiliaji na tathmini shirikishi ya utekelezaji wa afua mbalimbali, ambapo ilibainika kwamba uwepo wa changamoto za kiutendaji umepelekea kutofikiwa kwa malengo yaliyokusudiwa kwa kiwango stahiki.»

Usianze kuhariri. Anza kuuliza. Huduma gani? Walengwa ni akina nani? Nani alifuatilia, na alifanyaje? Afua zipi? Changamoto ni nini hasa? Lengo lilikuwa kiasi gani, na limefikiwa kiasi gani? Utaona kwamba aya yenye maneno zaidi ya thelathini haijibu hata swali moja kati ya hayo. Hapa ndipo mhariri anapokwama, kwani lugha nyepesi haiwezi kuandikwa na mtu asiyejua kilichotokea. Inabidi kumrudia aliyekuwepo. Tuseme amerudiwa, na majibu yake, ya kubuni kama aya yenyewe, yamepatikana. Aya inakuwa hivi:

«Mwezi Machi tuliwahoji wagonjwa 60 wa kisukari waliosajiliwa katika kliniki yetu ili kujua kama wanapata dawa kwa wakati. Lengo lilikuwa kwamba asikose dawa mgonjwa yeyote. Wagonjwa 22 walikuwa wameikosa angalau mara moja katika miezi mitatu iliyotangulia, kwa sababu kliniki ilichelewa kutuma maombi yake bohari.»

Aya hii ina urefu unaokaribia ule wa kwanza, hivyo asije mtu akadhani kurahisisha ni kufupisha. Tofauti ni kwamba sasa meneja anajua la kufanya, yaani kumtafuta anayetuma maombi bohari. Na hapo ndipo inapoonekana sababu ya aina ya kwanza kupendwa. Ripoti ya pili inamtaja mtu wa kuulizwa, wakati ile ya kwanza haimwajibishi yeyote. Niliposema kwamba usipoweza kutaja wadau wako tatizo ni kubwa kuliko lugha, nilimaanisha hili. Mara nyingi ukungu wa maneno unafunika mahali ambapo data haikukusanywa au ambapo mtu hataki kuulizwa, na mwandishi mwaminifu anapaswa kujua ni lipi kati ya hayo mawili analolifunika.

Hofu ya kuonekana hujui

Wanafunzi wengi wanayakubali haya yote, kisha wanarudi kuandika kama zamani, kwa kuwa wanaogopa kwamba maandishi mepesi yatawafanya waonekane wepesi. Hofu hiyo si ya kudharauliwa, maana wanapimwa na watu wenye mamlaka juu ya maisha yao. Ushahidi uliopo, hata hivyo, uko upande mwingine. Daniel Oppenheimer alichapisha mwaka 2006 mfululizo wa majaribio ambamo wasomaji walipewa maandishi yenye maudhui yaleyale, mengine yakiwa yamepachikwa maneno magumu bila sababu. Wasomaji waliwaona waandishi wa matoleo magumu kuwa na akili pungufu.

Ikiwa msimamizi wako anasisitiza mtindo mzito, huna haja ya kupambana naye juu ya istilahi. Zibakize zote anazozitaka. Fanya mabadiliko yako kwenye sentensi, uvunje minyororo, urudishe vitenzi, utoe nje sentensi zilizopachikwa. Ni nadra msimamizi kulalamika kwamba amekuelewa haraka mno, na mara nyingi atasema kazi imeboreka bila kuweza kuonyesha palipobadilika.

Mjaribie msomaji halisi

Wewe mwenyewe huwezi kuamua kama andiko lako linaeleweka, hata ukilisoma mara mia. Mwaka 1990 Elizabeth Newton, akiwa Chuo Kikuu cha Stanford, aliwataka watu wagonge mezani mapigo ya nyimbo zinazojulikana sana na wakadirie kama msikilizaji angeutambua wimbo. Wagongaji walikadiria kwamba nusu ya nyimbo zingetambuliwa. Kati ya nyimbo 120 zilizogongwa, zilitambuliwa 3. Mgongaji huusikia wimbo wote kichwani mwake, na hawezi kuuzima ili asikie kile anachokisikia mwenzake. Mwandishi naye yuko hivyo mbele ya istilahi aliyoishi nayo miaka kumi.

Mpe mtu mmoja wa aina ya msomaji wako asome, kisha usimuulize kama ameelewa, kwa sababu atasema ndiyo kwa adabu. Wahudumu wa afya wana njia bora: humwomba mgonjwa aeleze kwa maneno yake mwenyewe atakachokifanya akifika nyumbani, atameza vidonge vingapi, saa ngapi, na ataacha lini. Akikosea, kilichoshindwa ni maelezo, naye hana lawama. Fanya vivyo hivyo kwa waraka au ikisiri. Wasomaji watatu au wanne hutosha kuonyesha mahali pabovu zaidi, kwani huwa wanajikwaa palepale.

Usitegemee sana programu za kupima urahisi wa maandishi. Kanuni mashuhuri kati ya hizo, aliyoitoa Rudolf Flesch mwaka 1948, huhesabu urefu wa sentensi na idadi ya silabi katika neno, na ilitungwa kwa ajili ya Kiingereza. Kwa hesabu yake «hatukuwaambia», lenye silabi saba, ni neno gumu kupindukia, ingawa mtoto wa miaka mitano hulitumia, na «afua» ni jepesi.

Unapokuwa wewe ndiye msikilizaji

Katika kikao au usaili utakutana na istilahi za wengine. Usiulize maana ya neno, kwa kuwa utajibiwa kwa maneno mengine ya jamii hiyohiyo. Uliza lionekane likitendeka: «Tukianza kufanya hivyo wiki ijayo, ni nini kitakachobadilika katika kazi yangu?» Swali hilo halimwaibishi msemaji wala muulizaji, na kikao kizima hunufaika, maana mara nyingi si wewe peke yako uliyekuwa hujaelewa.

Muda ukiwa mfupi

Andiko la kurasa arobaini halifumuliki lote usiku mmoja. Anza na kichwa na ikisiri, au aya ya kwanza kama ni barua, kwa sababu wasomaji wengi hawatavuka hapo. Kisha nenda moja kwa moja kwenye aya inayomwambia mtu afanye jambo, ile yenye mapendekezo, maelekezo, tarehe za mwisho au kiasi cha kulipa, uhakikishe kwamba kila sentensi yake ina mtendaji anayejulikana na kitenzi kimoja kinachoonekana. Baada ya hapo shughulikia vifupisho, kwani kuvipanua ni kazi ya dakika chache. Sehemu ya mbinu za utafiti na viambatisho viache mwisho. Vitasomwa na wenzako wa fani, nao wanaweza kukuvumilia hadi toleo lijalo.